Mstari Chini ya Ukucha

Mwanangu Adela,

Umeshuka Magara kumuaga shangazi yako, na mama yako amenitoa chumbani kwa sababu anakunja nguo zako na hataki mtu amsimamie. Mambo ya basi, ya chakula cha njiani, ya nani atakupokea ukifika, yote hayo atakuambia yeye, tena atarudia mpaka uchoke. Mimi nimekaa barazani, jua bado lipo, na nataka kukuandikia habari za kucha. Usicheke.

Tangu dada Klodina aliposema atakupokea kwenye saluni yake Bujumbura, umepaka kucha za wanawake wa Kizuka karibu wote. Baraza limenuka verni, hiyo rangi ya kucha, mpaka kuku wamehamia nyuma ya jiko. Mimi napita na panga langu, nasalimia, naingia ndani. Juzi nilikusikia ukimwambia mama yako, "Baba anaona ni kazi ya upuuzi." Sivyo, mwanangu. Nilikuwa napita haraka kwa sababu kila ulipofuta rangi ya zamani kwenye kidole cha mtu, ukucha ukabaki mtupu juani, macho yangu yalikwenda pale yenyewe, na moyo haukutulia mpaka nione ni safi.

Gumba langu la kushoto unalijua lilivyo fupi. Lilipokatwa ulikuwa mdogo, na wenzako walipokuuliza uliwaambia mashine ya mawese imelila. Hatukukusahihisha. Mashine watu wanaielewa upesi. Lakini sasa unakwenda kushika vidole vya watu kutwa nzima, na sitaki uende na hadithi ya mashine.

Nilizaliwa kambini, Tanzania. Wazazi wangu walikimbia kutoka hapa hapa Kizuka, na nilikua nikisikia habari za shamba la babu yako kama watoto wengine wanavyosikia habari za peponi: michikichi mirefu, udongo mweusi, ziwa linaonekana kati ya makuti. Tuliporudi, mama yako akiwa na mimba yako, shamba tulilikuta, michikichi tuliikuta, na katikati yake tulimkuta Balthazar na mkewe na watoto wao. Hakuwa mwizi. Alizaliwa pale, kama mimi nilivyozaliwa kambini. Wasuluhishi walikuja, wakatusikiliza, wakatembea shamba zima, wakaligawa nusu kwa nusu. Mpaka ukawa safu moja ya michikichi iliyopandwa na babu yako. Upande wa ziwa wake, upande wa barabara wetu.

Tangu siku ile sikulala nje ya shamba. Kila aliyerudi kutoka Tanzania alikuwa na kisa cha mwenzake aliyekwenda msibani, akarudi akakuta mihogo ya mtu mwingine imeota kwake. Huenda nusu ya visa vile havikuwa kweli. Mimi niliviamini vyote. Shemeji zangu walioa, sikwenda. Rafiki yangu wa kambini aliniita Kigoma tufanye biashara ya dagaa, nikamjibu nitakuja baada ya mavuno, na chikichi, wewe unajua, huvunwa mwaka mzima. Nilikuwa nimelitamani shamba lile maisha yangu yote, na nilipolipata likanifunga kama mbuzi kwenye kigingi. Kamba yangu ilifika soko la Rumonge, basi. Jua likianza kushuka, nilihisi inanivuta shingo.

Kazi ya chikichi haina huruma na mikono. Ukipandisha mkungu begani unakuchoma, ukiuchambua unakuchoma, na kwenye mashine daima kuna chuma kinachokusubiri ukosee. Kucha zangu zilikuwa na vidoa vyeupe vya kugongwagongwa, vile ambavyo kambini tulidanganyana kuwa ukiwa navyo utapata nguo mpya. Zilivilia damu mara nyingi. Ukucha ukivilia damu unakuwa mweusi, unauma siku za mwanzo, kisha lile doa linasogea mbele kidogo kidogo kadiri ukucha unavyokua, mpaka siku moja unalikata na wembe na kulitupa. Hilo nililijua vizuri.

Na mengine niliyajua, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa imepitia. Mama yako alipokuwa na mimba ya mdogo wako, kucha zake zilibonyea katikati kama vijiko. Siku moja akiosha sahani, tone la maji lilikaa juu ya ukucha wake bila kumwagika, ukaliona wewe, ukapiga makofi. Ukataka kila siku aweke tone jingine. Alikuwa amechoka mno wakati ule, anapumzika kila hatua, na sisi tulidhani ni mimba tu. Muuguzi wa kituo cha afya alimvuta kope ya chini, akatazama, akasema damu imepungua. Alipewa vidonge, tukamlisha maharage na mboga ya lengalenga na samaki wadogo wa ndagala, na baada ya miezi kucha zikainuka tena. Na wewe mwenyewe, baada ya ile malaria iliyokulaza wodini, kucha zako zote zilitoka na mfereji wa kulala, kutoka upande huu hadi ule. Bibi yako mzaa mama aliogopa, akasema mtoto ametupiwa kitu. Mfereji ulisogea, ukafika nchani, ukakatwa, ukaisha. Mwili ulikuwa umesimamisha kazi ukiwa na homa, kisha ukaendelea. Bibi yako naye alikuwa na mistari ya kusimama kwenye kucha zake zote, mingi, kama mbao iliyochanwa kwa msumeno. Ile ni uzee tu, kama mvi.

Kwa hiyo sikuwa mjinga. Ndiyo maana sina pa kujificha ninapokusimulia yaliyofuata.

Mstari wangu ulianza mwembamba, kama mtu ameukwaruza kwa kalamu ya risasi. Ulisimama wima kwenye gumba la kushoto, kutoka mzizi wa ukucha hadi nchani, rangi ya kahawa. Haukuuma. Nikasema nimejigonga. Nikangoja usogee kama damu iliyovilia inavyosogea. Haukusogea. Kila nilipokata ukucha, mstari ulikuwa bado unaanzia kule kule nyuma, na kila nilipotazama vizuri ulikuwa umenenepa.

Wewe ndiye uliyeuona kwanza. Ulikuwa na tabia ya kuniosha mikono nikitoka kwenye mashine, na bakuli lako la bati na kipande cha ndimu, ukijidai wewe ni mama mkubwa na mimi ni mtoto mchafu. Ukasugua vidole vyote, ukafika pale.

"Baba, hiki hakitoki."

"Kiache."

"Nimetia ndimu nyingi. Hakitoki."

"Nimesema kiache!"

Nikavuta mkono, bakuli likapinduka, maji yakakumwagikia gauni lako. Hukulia. Ulinitazama tu, ukaokota ndimu yako ukaondoka. Mama yako alikuwa mlangoni. Baadaye alinishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga, akauliza, "Ulianza lini?" Nikamwambia ni mafuta yameingia chini ya ukucha.

Alinipeleka kituo cha afya kwa kunishikia shati, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Muuguzi alikuwa mtu mwema. Aliongea Kirundi cha haraka na Kifaransa ndani yake, na Kirundi changu kilikuwa cha nyumbani, cha kuombea chumvi. Nilielewa nusu. Alinipa dawa ya kupaka ya fangasi, akasema nisipoona mabadiliko nirudi anipe karatasi ya kwenda kuonwa na madaktari Bujumbura. Neno Bujumbura nililielewa vizuri sana. Dawa niliipaka mpaka ikaisha. Mabadiliko sikuyaona. Kurudi sikurudi.

Nikaanza kuficha. Nilifunga kitambaa, nikasema nimejikata. Kitambaa kikichakaa nilifunga kingine. Nilijifunza kusalimia watu gumba likiwa limekunjwa ndani ya ngumi, kushika kikombe kwa mkono wa kulia peke yake, kukaa kanisani huku nimelaza kiganja cha kulia juu ya cha kushoto kama mtu mwenye heshima nyingi. Ukucha ukapasuka katikati, pale pale mstari ulipokuwa mpana. Kisha weusi ukatoka nje ya ukucha, ukapanda kwenye ngozi ya nyuma, pale ukucha unapochomoza. Nilipouona huo sikupata tena neno la kujidanganyia. Damu iliyovilia haipandi kwenye ngozi. Fangasi hafanyi hivyo. Nilijua kuna kitu kibaya kimekaa mwilini mwangu, na bado asubuhi nilichukua panga nikaenda kuhesabu michikichi ya mpakani.

Nataka uelewe hali ile, maana utakutana na watu walio ndani yake. Si kwamba sikuogopa ugonjwa. Niliogopa usiku na mchana. Lakini kila njia niliyoifikiria ilipita langoni kwa Balthazar. Nikienda hospitali nitalazwa, nikilazwa shamba litabaki na mwanamke na watoto wawili, na mpaka wetu ni miti tu, hauna ukuta. Nisipokwenda, nitakufa, na shamba litabaki na mwanamke na watoto wawili. Nilizunguka humo humo miezi, kama ng'ombe wa kukamua mafuta anayezunguka kinu, nikifika pale pale nilipoanzia.

Siku iliyovunja mzunguko huo nilikuwa nachambua mkungu karibu na mpaka. Kitambaa kilikuwa kimelowa, ukucha umeachia upande mmoja, damu ikawa inachuruzika juu ya chikichi, na wekundu kwa wekundu sikuona. Balthazar aliona. Alikuwa upande wake, amebeba madumu mawili matupu. Akayaweka chini.

"Amahoro, jirani."

"Amahoro."

"Iko damu mingi pale. Nionyeshe."

"Ni mwiba tu."

"Mwiba haiko vile. Nionyeshe, weye mutu mukaidi."

Hakuwahi kuvuka safu ile tangu igawanywe. Hata kuku wake akivuka alikuwa akimwita kutoka kule kule. Siku hiyo alivuka. Akaufungua mkono wangu mwenyewe, akanusa, akatazama.

"Mbona hauendi Bujumbura?"

Sijui kilichonipata. Labda ni uchovu. Nikamjibu kweli tupu. "Nakuogopa wewe. Nikiondoka utachukua."

Nilidhani atakasirika. Nilitaka akasirike. Akakaa chini kwenye makuti makavu.

"Unakumbuka mama yangu alikufa?" akauliza.

Nilikumbuka. Alifia kwa dada yake Balthazar, kule milimani. Nilimwona mkewe akipanda gari na kanga nyeusi.

"Nilituma bibi yangu aende kuzika. Mimi nilibaki hapa. Watu waliniuliza, mutoto wa kwanza iko wapi? Bibi yangu akasema anaumwa." Akakwangua udongo kwa kidole. "Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimesimama pale, chini ya ule muti, nakuchunga weye. Nilisema, nikienda kuzika mama, yule wa Tanzania atasogea."

Adela, nilimtazama mtu yule niliyemchunga miaka yote. Nilikuwa namjua hatua zake, kikohozi chake, saa anayotoka. Kumbe naye alikuwa na kamba shingoni, na kigingi chake ni mimi. Hakumzika mama yake kwa sababu yangu, na mimi sikujua sababu hiyo. Siku ile ile ya msiba nilikuwa nimesimama upande wangu, nikiona ajabu kwamba hakusafiri, na nikasema moyoni: afadhali sikujisahau.

Hatukukumbatiana. Si watu wa hivyo. Alisimama akasema, "Nenda. Mutoto wako mukubwa atakula kwangu," akachukua madumu yake.

Tulikwenda, mimi na mama yako, mdogo wako mgongoni. Wewe ulibaki kwa mama Spesi, mke wa Balthazar, na nadhani unakumbuka maandazi yake kuliko unavyokumbuka kuondoka kwetu. Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke bado kijana, na namshukuru Mungu alikuwa na Kiswahili. Aliniuliza kama mstari huo upo kwenye vidole vingine. Nikamwonyesha vyote, mikono na miguu. Akaniambia sisi watu weusi wengi tuna mistari ya namna hiyo kwenye kucha, pengine vidole kadhaa kwa pamoja, mtu anaishi nayo mpaka uzee na haina neno. Unaotia shaka ni ule unaozuka peke yake kwa mtu mzima, zaidi kwenye gumba la mkono au kidole kikubwa cha mguu, unaopanuka, unaobadilika rangi, unaopasua ukucha, unaomwaga weusi kwenye ngozi.

"Wako umefanya yote hayo," akasema. "Kwa nini umechelewa, baba?"

"Shamba," nikamjibu.

Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyelisikia jibu hilo kwa wengi. Akanichoma sindano ya ganzi, akatoa kipande kidogo chini ya ukucha, akakipeleka kupimwa.

Kungojea majibu tulikaa Kabezi, kwa binamu wa mama yako. Nyumba iko karibu na ziwa, watu wema, chakula kipo. Kwangu ilikuwa jela. Nilikaa mlangoni nikitazama magari yanayokwenda kusini. Nilifikiri Balthazar amenichezea, kisa cha mama yake amekitunga ili nimwachie uwanja. Asubuhi moja niliondoka bila kuaga, nikasimama barabarani kungojea gari la Rumonge. Mama yako alinikuta pale, mdogo wako mgongoni, begi letu mkononi. Nilijiandaa kubishana. Hakubishana.

"Twende basi," akasema. "Lakini ujue nitakuzika shamba hilo hilo. Na atakayechimba kaburi ni Balthazar, maana wewe huna ndugu mwingine wa kuchimba."

Gari likasimama. Kondakta akaita. Mama yako akaweka mguu kwenye kipandio kweli, hakuwa anatisha. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamshusha.

Majibu yakasema saratani, ile ya rangi ya ngozi, imekaa chini ya ukucha. Daktari akasema haijaonekana kwenda mbali, lakini ukucha peke yake hautoshi. Wakakata gumba kwenye kiungo. Nilirudi nyumbani na mkono umefungwa mkubwa kama kichwa cha mtoto, na kabla sijaingia ndani nilikwenda mpakani. Mama yako amekasirika mpaka leo. Michikichi ilikuwa pale pale. Mikungu iliyoiva ilikuwa imekatwa, na mama Spesi akatoa madumu ya mawese yetu kutoka jikoni kwake, yamefungwa kwa majani ya mgomba. Wiki iliyofuata Balthazar alipanda gari kwenda milimani kuona kaburi la mama yake, nami nikamkatia mikungu yake kwa mkono mmoja, vibaya, nusu ikaanguka kwenye mto unaopita upande wake.

Usidhani hapo nilipona hofu. Kidole kilipona. Madaktari wameniangalia mara kwa mara mpaka wakasema nije mara mojamoja. Hofu bado ipo. Hata mwaka jana uliposema unataka kwenda Bujumbura nilikukatalia, nikasema mji una wahuni, nikasema kazi ya kucha haina maisha. Ukaomba tena, nikasema tungoje mavuno. Mama yako aliposikia neno hilo, mavuno, alinitazama, na nikajua nimekuwa nakufunga kwa kamba yangu mwenyewe. Basi nikasema nenda. Nilisema kwa sauti ndogo, ukadhani nimeudhika.

Sasa unakwenda. Watakuja kwako wanawake wenye haraka, na utawafuta rangi, na kwa dakika chache utaona kucha ambazo hata waume zao hawazioni, kwa sababu rangi haitoki isipokuwa kwa ajili ya rangi nyingine. Wewe si daktari, na usijifanye. Lakini ukiona ukucha umenyanyuka kutoka kwenye nyama, au umegeuka kijani chini ya kucha za bandia, usiufunike kwa rangi ili mteja alipe aende. Mwambie aupumzishe, akauonyeshe. Wale wanaofua na kuosha samaki watakuja na ngozi ya pembeni imevimba, nyekundu, imeachia ukucha. Mikono hiyo inataka ikaushwe, na isikatwekatwe. Ile ngozi nyembamba ya nyuma ya ukucha usiiondoe hata mteja akikulazimisha, ndiyo mlango, ukiuvunja kila kitu kinaingia. Vyombo vyako vichemshe hata kama dada Klodina anasema muda hakuna. Na wewe mwenyewe, kati ya rangi moja na nyingine, ziache kucha zako tupu siku kadhaa, uzitazame mchana, mikono na miguu.

Ukikutana na mstari kama wangu, usilitaje jina la ugonjwa. Hulijui, na huenda haupo. Muulize tu, "Huu ulianza lini?" kama mama yako alivyoniuliza, na usiuachie mkono wake wakati anatafuta jibu. Atakuambia amejigonga. Atakuambia ana kazi, ana watoto, ana safari, hana nafasi. Usimcheke na usimgombeze. Mtu hafichi ukucha kwa sababu ya ukucha. Muulize anaogopa kumwachia nani nini.

Kuna jambo moja sijawahi kukuambia. Wewe ulikuwa shuleni siku hiyo. Tuliitwa ofisi ya komini, mimi na Balthazar, kuweka alama kwenye karatasi za ardhi ili kila mmoja atambuliwe na upande wake. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu kambini, tangu kabla sijajua kusoma. Nilivaa koti. Kijana wa ofisini alifungua kidau cha wino, hakuinua macho, akasema, "Kidole gumba cha kushoto."

Nikauweka mkono mezani.

Akautazama. Balthazar, nyuma yangu, akaacha kukohoa. Yule kijana aliona haya, akakisogeza kidau karibu yangu.

"Samahani, mzee," akasema. "Weka kingine chochote. Ni sawa tu."

Nikaweka cha pembeni yake. Karatasi ikakubali.

Nenda, mwanangu, na Mungu akutangulie barabarani. Mimi ni baba yako anayekupenda, hata ninapopita haraka,

Elia